Birika la Mafuta ya Nazi

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi, 17 Julai 2025

Baba yangu mpendwa, Mzee Kenga,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kikohozi cha baridi kimekuacha. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Emmah akaribia kufunga shule na asema nimuulizie babu yake kama yule mbuzi mweupe ameshazaa, na kama amezaa, mmoja ni wake, ati mliagana. Mimi mwili wangu hauna neno. Habari za bega lako nitakuuliza mwisho wa barua, usidhani nimelisahau.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Dama aliniambia nikutumie sauti kwenye simu yake naye atakusikizisha, nikamkatalia. Sauti ya simu husikizwa na kila aliye karibu, na dada yangu Dama nampenda, lakini akipata jambo asubuhi, adhuhuri Kaloleni nzima imeshakula nalo chakula. Kwa hivyo hii isome wewe mwenyewe, vaa miwani yako, kaa nyuma ya jiko penye kiti chako, na mtu akikuuliza ni barua ya nini mwambie ni ya mbuzi. Katana wa lori la madafu ndiye atakayeileta kesho, pamoja na mzigo uliofungwa guniani. Mzigo usiufungue kwanza.

Kilichoniharakisha ni habari aliyonipa Dama juzi. Asema Jumapili hii baada ya ibada utasimama mbele ya watu urudishe funguo za kanisa, kwa sababu mtu ambaye kichwa chake kimeondoka hafai kushika mlango wa nyumba ya Mungu. Asema pia siku hizi huwashi moto ukiwa peke yako. Ukienda kulala wamtuma atazame mlango kama umefungwa, akirudi wamtuma tena, na akirudi wamuuliza kama kweli alikwenda. Baba, umezishika funguo hizo miaka kumi na miwili, tangu ulipokuwa ukitoka mjini kila Jumamosi, na hakuna hata siku moja watu walikuta mlango uko wazi usiku au umefungwa wakati wa ibada. Nakuomba usizirudishe kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ukishafika, fanya utakavyo.

Sasa nikupe habari za kinu chetu cha viungo. Shafti, ile nondo ndefu iliyozungusha mashine zote, imeshushwa. Mafundi walikuja Jumatatu wakafungua makarai yote yaliyoishika, wakaishusha kwa kamba, kipande kwa kipande, na ile mikanda ya ngozi wakaikunja wakaiweka barazani. Tajiri wetu Bwana Fuad ameleta mashine nne za umeme, kila moja na mota yake chini yake, hazitaki shafti wala mkanda. Zapiga kelele kama watoto wa madrasa wanaposomeshwa wote kwa pamoja. Mdalasini uliokuwa ukichukua saa nzima sasa ni dakika kumi. Bimdogo, mamake Fuad, alishuka ngazi akaja kunusa, akasema wasaga upesi lakini wauchoma, kisha akapanda zake juu na hajashuka tena. Mwanawe amehamia Kizingo kwenye bustani na nyumba kubwa, amembembeleza mpaka amechoka, na bibi asema yeye atatoka kichochoroni hapa siku atakayochukuliwa. Kila siku hukuulizia. Bado akuita yule fundi wetu wa asubuhi.

Shafti ilipokuwa chini, Bwana Fuad alilitwaa lile birika la mafuta kutoka kwenye msumari wake, akalifuta kwa shuka yake mwenyewe, akanipa. Akasema nimpelekee Mzee Kenga, miaka thelathini na mmoja lilikuwa mkononi mwake, si haki likae ghalani. Baba, nililia palepale. Alidhani ni machozi ya kumbukumbu, akanipa kiti.

Nataka kukueleza siku ile ya ajali, na nitaieleza yote tangu mwanzo, kama namweleza mtu ambaye hakuwapo. Najua wewe ulikuwapo. Lakini tangu siku hiyo huamini tena unachokumbuka, basi acha leo nikukumbukie mimi.

Shafti ilipita juu kabisa, chini ya boriti, urefu wa ukumbi mzima, nayo ilishikwa na makarai manne ya chuma, kila moja na kitundu cha kutilia mafuta. Mkono wa mtu hauyafiki hata akisimama juu ya benchi. Ndiyo maana kulikuwa na birika. Wageni waliokuja kutoka Ngome ya Yesu kununua pilipili manga walikuwa wakilipiga picha: kopo la bati lenye tako pana, kishikio cha kubonyeza kwa kidole gumba, na mdomo mwembamba mrefu kuliko mkono, uliopinda nchani. Wapanda juu ya benchi, waingiza ncha kwenye kitundu usichokiona vizuri, wabonyeza. Wewe ulibonyeza mara sita kila karai, ukihesabu kwa Kigiriama, asubuhi kabla mashine haijawashwa na tena baada ya adhuhuri.

Na ndani ya birika hakukuwa na oili. Hili watu hawalijui wakisikia habari za mashine. Marehemu mumewe Bimdogo aliweka sharti tangu zamani kwamba juu ya viungo vya watu haipiti oili ya mashine, kwa sababu tone likidondoka laingia kwenye bizari, na bizari yaingia chunguni, na mpishi hana habari. Amana ya watu ni amana. Kwa hivyo kinu chote kililainishwa kwa mafuta ya nazi yaliyochujwa mara mbili. Mafundi wote waliokuja kukitengeneza walicheka, wakasema mafuta ya nazi ni ya nywele. Ukawajibu kuwa basi mashine yetu ina nywele nzuri.

Ila mafuta ya nazi yana tabia yake, na wewe ndiye uliyenifundisha. Miezi ya joto ni maji. Ikifika Julai, upepo wa kusi ukivuma alfajiri, huganda yakawa meupe. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ya baridi, kabla hata sijakaa kuchagua iliki, ilikuwa ni kuliweka birika kwenye beseni la maji ya moto karibu na jiko la chai, tako na mdomo, mpaka lote liwe vuguvugu. Kisha nakupa. Wewe waniuliza kama nimelipasha, mimi najibu. Ndivyo tulivyofanya kazi, baba na mwana, na hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya kujua.

Ile ilikuwa Jumatano, tumefungua baada ya siku nne za Idd ya kuchinja. Makarai yalikuwa makavu kwa kukaa, wateja walikuwa wamejaa mlangoni mpaka barazani, na Awiti, msagaji wetu, alikuwa ameshavua shati yuwangoja mashine. Ulipanda benchi ukatia mafuta, mara sita, mara sita, mara sita, mara sita. Mashine ikawashwa. Kabla ya saa tano tulisikia mlio kama wa paka, karai la mwisho, lile la juu ya mdalasini, likatoa moshi, shafti ikashikwa, na mkanda ukaruka ukampiga Awiti kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika mahali pawili.

Fundi aliyeitwa, nawe umesharudi kutoka hospitali, alitia kidole kwenye kitundu, kikatoka na vumbi jeusi. Akakuuliza kama ulitia mafuta. Ukasema ulitia, sita kila moja. Akatucheka kwa upole, akasema mzee, humu hamjaingia tone tangu kabla ya sikukuu. Ukasema tena kuwa ulitia. Mara ya tatu alipokuuliza uliitazama mikono yako. Mimi nilikuwa nimesimama na ungo wa iliki, hatua nne kutoka kwako.

Bwana Fuad hakukufukuza. Alikwambia pumzika mzee, umefanya kazi ya kutosha, na kila mtu kichochoroni akasema ni muungwana. Ukarudi Kaloleni. Na kazi yako nikapewa mimi, pamoja na birika, na miaka hii mitatu watu wananisifu kuwa Kanze hasahau.

Baba, hukusahau. Sasa soma polepole.

Asubuhi ile sikulipasha birika. Nilichelewa, maji ya moto yaliyokuwako niliyamimina kwenye chai ya wateja, na wengine wanazidi kuingia. Nikalitwaa birika kutoka kwenye msumari wake wa dirishani, nikalitikisa, nikasikia mafuta yakicheza ndani, nikajiambia yameyeyuka. Tako lilikuwa ukutani karibu na jiko, ndiyo maana yalicheza. Mdomo ulikuwa umening'inia nje ya dirisha siku nne kwenye upepo. Uliniuliza kama nimelipasha. Nikajibu tayari baba.

Hilo ni moja. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Ulipofika karai la pili ulishuka benchi, ukajipangusa, ukaniambia leo birika ni zito, kishikio chakataa. Unalikumbuka hilo? Nadhani ulilikumbuka, ukajilazimisha kulisahau. Mimi nalikumbuka kila siku. Nikakujibu bila hata kuinua macho kwenye ungo: ni bega lako hilo, baba, umri. Ukacheka kidogo, ukaliminya bega, ukapanda tena, ukabonyeza kwa nguvu zako zote mpaka ukamaliza ishirini na nne.

Hakuna hata tone lililotoka. Mafuta yalikuwa yakirudi ndani kupitia washa kuukuu, ule mpira wa kuzibia chini ya kishikio. Nalijua hili kwa yakini, wala si kwa kukisia, kwa sababu walipokimbia na Awiti hospitali, nawe ukawafuata, nilibaki peke yangu ukumbini. Nililishusha birika kutoka dirishani, mdomo bado baridi kwa upepo, nikabonyeza juu ya sakafu. Likakataa, zito vile vile ulivyosema. Nikachovya mdomo wake kwenye sufuria ya chai ya moto iliyobaki, nikabonyeza tena, na mafuta yaliyoganda yakatoka marefu meupe kama utambi wa mshumaa. Niliyafagia pamoja na maganda ya iliki nikayatupa. Kisha nikaliosha birika, nikalijaza, nikalirudisha kwenye msumari. Fundi alipolijaribu baadaye lilitoa mafuta vizuri. Ndiyo maana alikucheka.

Siku ya kwanza niliogopa kwa sababu ya mkono wa Awiti. Siku ya pili nilingoja useme kuwa uliniuliza nami nikakujibu, kwani ulikuwa na haki ya kusema. Hukusema. Hukutaka kumtaja mwanao mbele ya watu. Baadaye, nilipokuja Kaloleni Krismasi, uliniambia wewe mwenyewe kuwa huenda siku ile hukupanda benchi kabisa, huenda wakumbuka siku nyingine. Nilikuwa nakumenyea muhogo. Niliendelea kumenya. Kazi ilikuwa yangu tayari, Emmah ameingia shule, na nilijiambia mzee amepumzika, ana mbuzi wake, ana kanisa lake, yamekwisha. Sikujua kuwa umekuwa ukijipunguza kidogo kidogo, leo waacha baiskeli, kesho waacha moto, mpaka sasa umefika kwenye funguo. Ama nilijua. Acha niseme nilijua.

Sikukuandikia wewe kwanza nikawaficha wengine. Jana baada ya kazi nilikwenda Tononoka kwa Awiti, ambaye sasa ana duka lake dogo la vocha na mkate karibu na uwanja. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo, wajua. Alinisikiza mpaka mwisho akipanga mikate, kisha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema wewe ulikwenda kwake mara tatu kumwomba radhi, na mara ya tatu ulikwenda na kuku, ukalia mbele ya mkewe, mtu mzima na mvi zako, na aliyekuwa amekushikia yule kuku ni mimi. Alinipa maji nikanywa, akaniambia nenda.

Bwana Fuad nilimwambia leo asubuhi. Alikuwa na kikombe cha kahawa tungu mkononi, hakukinywa tena. Akasema miaka mitatu amekuwa akiwaambia watu barazani kuwa Mzee Kenga amezeeka, akisema kwa mapenzi, nao wakiitikia kwa mapenzi, sasa atayarudishaje maneno hayo kwa mtu mmoja mmoja? Akanitaka niweke funguo za ghala mezani, niende nyumbani, na la kazi yangu ataniambia atakapokuwa ameonana na wewe. Nikaziweka. Nilipokuwa natoka Bimdogo aliniita kutoka dirisha la juu, bila shaka alisikia yote, ukumbi ule hauna siri. Alisema tu kuwa yeye hakuamini hata siku moja, na kwamba kosa lake ni kutosema. Akafunga dirisha.

Bwana Fuad yuwaja Kaloleni Jumamosi alasiri kwa gari lake. Awiti asema naye atakuja, dukani ataketi mkewe. Nami nitakuja nao kama watanichukua, na kama hawatanichukua nitapanda lori la Katana. Nimetanguliza barua ili upate kunikasirikia kwanza bila kuniona, maana nakujua, ukiniona hutakasirika, na safari hii wapaswa kukasirika. Dama akitaka kujua kwa nini, mwambie mwenyewe. Sitaki tena mtu yeyote anifichie.

Sasa fungua mzigo. Ni birika. Nimelijaza nusu kwa mafuta ya nazi, yaliyochujwa mara mbili kama ada. Ijumaa magharibi litundike kwenye dirisha la nyuma, lile linalopigwa na upepo, mdomo uwe nje, tako liwe ndani karibu na makaa ya jiko. Huko kwenu juu kuna baridi kuliko huku. Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda, litwae ulitikise, utasikia mafuta yakicheza. Kisha libonyeze. Usilazimishe, bonyeza mara moja tu, usikie kidole gumba kitakavyokwambia. Ukimaliza, liweke kwenye maji ya moto, tako na mdomo, ungoje, ubonyeze tena mara sita.

Sikuombi msamaha katika karatasi. Nitauomba nikiwa mbele yako, na ukininyima nitajua ni haki. Ninaloomba sasa ni hilo birika tu, na kwamba Jumapili uende kanisani na funguo mfukoni, ufungue mlango kama kila Jumapili, na wakikuuliza juu ya lile la kurudisha funguo uwaambie limeahirishwa.

Emmah akusalimu, na mbuzi wake usimsahau. Bimdogo akusalimu sana, asema birika likija kuharibika umletee, yeye amjua mtu wa kulichomea. Nisalimie Dama, na wote wa ua wetu, na mwalimu wa kanisa. Mungu akulinde mpaka tuonane hiyo Jumamosi.

Nilisema nitauliza habari za bega mwisho wa barua. Siulizi, baba. Nilikuwa nataka tu kukwambia kuwa siku ile bega lako lilikuwa zima.

Ni mimi mwanao,
Kanze Kenga